Jumamosi za Kuikalia Pikipiki

Hadi leo nikinusa mafuta ya taa sifikirii taa wala jiko. Nafikiria Jumamosi asubuhi pale Iftin, mjini Garissa, baba yangu amechuchumaa nyuma ya pikipiki akisugua cheni kwa mswaki mkuukuu. Jua lilikuwa bado halijakasirika, mbuzi wa jirani walitafuna maboksi langoni, na barazani cherehani ya mama ililia tiki tiki tiki. Baba alikuwa mwalimu. Tulitoka Mwingi, naye alikuwa amepelekwa kufundisha shule moja ya msingi huko ndani, mbali na lami, ambako njia ni mchanga mtupu na vichaka vya miiba. Kila siku ya shule aliondoka alfajiri na madumu mawili ya maji yamefungwa nyuma ya kiti, kwa sababu kilikuwa kiangazi, kile ambacho majirani zetu Wasomali hukiita jilaal, na tangi la shule lilikuwa limekauka. Jioni alirudi amepauka vumbi hadi kope, nami nikampelekea maji ya kunawa.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyotuweka nyumba moja. Mama hakuipenda Garissa. Joto lilimchosha, maji ya chumvi yalimkera, na kila mgeni aliyetoka Mwingi aliulizwa kwanza kama mvua imenyesha, salamu baadaye. Yeye na baba walikuwa wamekubaliana kwamba pikipiki ikishindwa, baba atahamia chumba cha walimu kule shuleni, na mimi na mama turudi kwa nyanya tungoje apate uhamisho. Uhamisho wenyewe mtu aliweza kuungoja mpaka ndevu zikaota mvi. Nilikuwa darasa la tatu na nilimpenda baba kupita kiasi, sioni haya kusema. Nikisikia injini yake ikikohoa kwenye kona ya msikiti, moyo ulitulia. Siku aliyochelewa, nilimngoja langoni bila kula.

Basi katika kiangazi hicho cheni ikaanza kukatika. Mara ya kwanza baba alilaumu oili. Sisi watu wa bara tumezoea matope, na kwetu cheni hupakwa oili chafu hadi idondoke. Mchanga wa Garissa ukikutana na oili hiyo hugeuka tupa, ukaila cheni mchana kutwa. Akanunua nyingine na kubadili mtindo: aliiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka oili kiasi, kisha akaipangusa kwa kitambaa kama mtu aliyejutia kuipaka. Nayo ikakatika. Hapo akaamua kwamba shida ni kulegea. Alilegeza nati ya ekseli, akalivuta gurudumu nyuma kwa zile skrubu mbili za pembeni, akiangalia alama za kulia na kushoto zilingane, mpaka cheni ikabaki kucheza upana wa kidole tu. Kwa kuwa alikuwa mwalimu, kila kazi aliitia methali. "Kamba hukatikia pabovu," aliniambia, akifuta mikono, "na hii sasa haina pabovu." Siku chache baadaye alirudi magharibi akiisukuma kwa miguu, goti limechubuka na suruali imeraruka, maana cheni ilikatika akiwa kwenye mwendo ikamwangusha.

Mama alimwosha kidonda. Alipomaliza kufunga kitambaa, akasema taratibu, "Baba Mwende, shule zikifungwa, mimi na mtoto tunakwenda." Nilitarajia baba abishane, atoe methali moja ya kumshinda. Alisema tu, "Sawa." Neno hilo liliniuma kuliko kelele zozote. Usiku nililia hadi nikapitiwa na usingizi, na asubuhi nikakuta begi letu kubwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, limefutwa vumbi.

Baba akatafuta cheni nyingine, akaikaza vilevile. Asubuhi aliyotaka kurudi kazini, mama alikuwa barazani ameketi kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Mkanda wa cherehani yake aliukaza mwenyewe siku zote, hakuna fundi aliyeugusa, kwa hiyo jicho lake lilijua vitu vinavyozungushana. Kifuniko cha cheni ya pikipiki kilikuwa kimedondoka zamani, kila kitu kilikuwa wazi. Baba akafunga dumu la kwanza, na nikamwona mama ameacha kukanyaga. Dumu la pili likapanda. Baba akakaa, sehemu ya nyuma ikadidimia, na cheni iliyokuwa na nafasi ya kidole ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mama aliiona. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, si cheni, na niliona macho yake yakienda mlangoni, kule ndani kulikokuwa na begi. Baba akapiga teke, injini ikawaka. Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Mwalimu, zima," akasema. "Shuka. Haya, kaa tena."

Baba alishuka, akakaa, akashuka, akainama kuitazama, na mwisho akacheka peke yake huku anajishika kichwa. Siku zote alikuwa akiipima pikipiki ikiwa tupu, akisahau kwamba haendi nayo tupu. Asubuhi hiyo wanafunzi wake walimngoja sana.

Tangu hapo cheni haikupimwa bila sisi kuikalia pikipiki. Mama alikaa mbele, miguu yote miwili chini, mimi katikati, na dumu lililojaa nyuma yangu. Baba alichuchumaa kando. "Kaeni." Akapima kwa vidole. "Shukeni." Akageuza skrubu kidogo, kulia, kushoto. "Kaeni tena." Mama alijifunga leso na kutazama mbele kama abiria wa safari ndefu. Jirani yetu aliyeuza maziwa ya ngamia, ambaye sisi watoto tulimwita eedo, yaani shangazi, alisimama langoni na vibuyu vyake akatushangaa. "Mama Mwende," akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, "hii bikibiki nakwenda wabi? Kila Jumamosi nyinyi nabanda, habana fika." Mama akamjibu bila kugeuka, "Tunakwenda Mwingi, eedo, ila dereva hajamaliza kukaza." Wakacheka wote wawili mpaka eedo akaweka vibuyu chini. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, sisi tupo.

Siku hizi wazazi wangu wako Mwingi, wamestaafu, na kule ilikokuwa njia ya baba kuna bodaboda na mafundi kila kona. Juzi nilimuuliza mama kwa nini asubuhi ile alimwambia baba habari ya cheni, ilhali angenyamaza kidogo tu angekuwa nyumbani kwao. Hakuhitaji kufikiri. "Nilitaka kwenda, mwanangu, tena sana," akasema. "Lakini nilimwona anaondoka juu ya kitu kitakachomwangusha. Wewe ungenyamaza?" Mume wangu ni muuguzi huko Buna, kaskazini ya Wajir, mimi nimebaki Garissa na kibanda changu cha nguo na mtoto wetu. Tunaonana kwenye simu mtandao ukikubali, na tumeambiana mara nyingi kwamba haina neno, ndiyo maisha ya sasa, watu wengi wanaishi hivyo. Kila akipiga naona shavu limezidi kubonyea, nami namwambia amependeza. Kibanda nimekifunga, na mtoto nimemwombea nafasi katika shule ya huko. Kesho alfajiri tunapanda basi la Wajir, kisha tutatafuta gari la Buna. Mume wangu anadhani tunakwenda kumtembelea.