Jina la Aliye Hai

Nakumbuka Jumatatu moja ambayo mtoto wa darasa la nne alikataa jina lake mbele yangu, na aliyemfanya alikatae nilikuwa mimi. Keti vizuri, mwanangu. Umeniambia umepewa darasa la nne na somo la historia, na hujui uanzie wapi. Chai ipo kwenye thamosi, na mimi siku hizi sina pa kukimbilia.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Vihiga na sketi mbili nzuri na maneno mengi. Shule yetu ilikuwa Nairobi, karibu na Woodley. Watoto wengine walitoka kwenye nyumba za baraza la jiji hapo jirani, wengine walikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Satellite. Kitabu cha historia kilisema Wabantu walitoka huku, Waniloti wakatoka kule, na ramani imejaa mishale. Watoto waliikariri mishale ile vizuri sana, lakini macho yao yalikuwa dirishani. Mimi nina ugonjwa mmoja ambao haujapona hadi leo: siwezi kumvumilia mtoto anayejibu bila kushangaa.

Basi nikaona nianze na majina yao. Kwetu mtoto hapewi jina ovyo. Kichanga akilia bila kunyamaza, nyanya humpakata na kumtajia waliokufa, huyu, na huyu, na huyu, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi naitwa Kageha kwa njia hiyo hiyo. Kageha wa kwanza alikuwa shangazi ya babu yangu, na sikuwahi kumwona. Nilidhani dunia nzima hufanya hivyo. Ijumaa nikawaambia watoto kwamba kila mmoja wao amebeba jina la mtu aliyekufa, waende nyumbani wakaulize alikuwa nani, waje watusimulie. Nilijiona mwerevu kweli kweli.

Jumatatu asubuhi nikaita majina kama kawaida. Nilipofika kwa Nyambura, kimya. Huyu alikuwa msichana mdogo, mwembamba, ndiye aliyekuwa akiniuliza maswali hadi kengele inalia. Alikuwa ameketi dawati la pili, ananitazama, midomo ameibana.

"Nyambura," nikarudia.

"Niite Grace, Mwalimu," akasema polepole.

Nilidhani ni maringo ya watoto wa mjini, nikaendelea. Siku hiyo tulifurahi sana. Ombima alitueleza kuhusu babu yake, ambaye ng'ombe wake aliwahi kula kofia ya chifu, na watoto walitaka kujua kama chifu alimkamata ng'ombe au mzee. Nyambura peke yake hakucheka wala hakuuliza lolote. Kesho yake hali ikawa ile ile. Wakati wa mapumziko Ombima, aliyekaa naye dawati moja, akanifuata.

"Mwalimu, Nyambura anasema akiitika, cucu yake atakufa. Hata nyumbani amekataa kuitwa."

Cucu ni nyanya kwa Kikuyu. Nikamwita msichana pembeni, nikamuuliza kama jina lake ni la cucu. Akaitikia kwa kichwa. Na cucu yuko wapi?

"Ako nyumbani," akasema. "Anakamua ng'ombe." Kisha machozi yakamtoka.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila jirani yangu Mkikuyu alilijua. Kwao binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na mara nyingi nyanya huyo huwa hai, anakula na kucheka. Baba ya Nyambura humwita bintiye "maitu", yaani mama yangu. Na mimi nilikuwa nimemwambia mtoto kwamba mwenye jina ni maiti. Nikamweleza kuwa nimekosea, nikamwapia kwa jina la Mungu. Hakuniamini. Mwanangu, mtoto akiambiwa jambo na mwalimu Ijumaa, halifutiki Jumanne kwa sababu mwalimu yule yule amegeuza maneno. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliambiwa kwamba cucu akimwita kwa jina lake ampe kikombe cha maziwa, mtoto hukimbilia nyuma ya nyumba. Niliumia sana. Niliona nimemtenga na mtu aliyempenda kuliko wote, na sikujua nitawarudisha vipi pamoja.

Cucu hakungoja nijue. Alikuja mwenyewe, katikati ya somo, amefunga kitambaa kichwani, na kikapu cha kiondo begani. Akasimama mlangoni akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndio mwalimu wa historia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndio yule umezika."

Nikampa kiti changu, nikaomba radhi, nikamweleza jinsi tunavyofanya kwetu. Alianza kunisikiliza kwa hasira, lakini nilipofika kwa kichanga anayetajiwa wafu, nikaona hasira inaupa udadisi nafasi.

"Kwenu mnangoja mtu akufe ndio mpatie mtoto jina yake?"

"Ndiyo, mama. Ili asisahaulike."

"Sasa huyo atajua aje kama alikumbukwa?"

"Anajua. Si yeye anayemnyamazisha mtoto?"

Akaweka kiondo chini. "Hiyo pia ni nzuri. Lakini sisi tunapenda kuona na macho." Kisha akapunguza sauti. "Mwalimu, kabla uambie mtoto yeye ni nani, si ungemuuliza kwanza? Angekuambia. Huyu hanyamazangi."

Watoto walikuwa wameshainua mikono.

"Cucu, ukiwa kama sisi ulikuwa unafanya nini?"

"Kuchuma kahawa, Kitisuru, kwa shamba ya mzungu. Hizo nyumba kubwa za huko hazikuwa."

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Viazi tamu. Tunachoma kwa jivu asubuhi, saa ya kula imekuwa baridi."

"Ulikuwa unaogopa nini?" Huyo alikuwa Ombima.

Cucu akacheka kidogo. "Nyoka. Na nyapara. Lakini nyoka ukipiga kelele ilikuwa inatoroka."

Mwingine akamuuliza mbona hakwenda shule. Akatazama ubao, maandishi yangu ya chaki ambayo hakuweza kuyasoma. "Kaka yangu alienda," akasema. "Mtu alikuwa lazima abebe debe ya kahawa." Mwanangu, nilikuwa nimefundisha habari za mashamba ya walowezi mihula miwili mizima, na sikuwahi kuona darasa limetulia vile.

Ndipo mkono mdogo ukainuka dawati la pili.

"Cucu, na wewe ulipewa jina la nani?"

"La cucu wangu."

"Alikufa?"

"Alikufa. Lakini saa hiyo mimi nilikuwa nimeolewa, niko na babako mgongoni. Tulikaa na hiyo jina sisi wawili miaka mingi, na haikumsumbua."

Mtoto akabaki akilipima neno hilo. Cucu hakumharakisha. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, ita majina."

Nikaita tangu mwanzo. Nilipofika kwa Nyambura, bibi kizee akaitika kwa sauti kubwa, "Niko!" Darasa likaangua kicheko. Akajipapasa mikono, akajipapasa mashavu, akasema, "Naona bado niko. Ita tena."

Nikaita, "Nyambura."

Msichana alimtazama nyanya yake kwa muda mrefu. Kifua cha cucu kilikuwa kinapanda na kushuka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Niko, Mwalimu," na macho yake hayakumwacha cucu hata alipokwisha kusema. Cucu akafungua mikono. Sikuyamaliza majina yaliyobaki siku hiyo, maana nilikuwa naliona jina moja tu, na hata hilo kwa machozi.

Sasa nasaha yangu ni hii. Kitabu kifundishe, kina kazi yake. Lakini kuuliza si ujinga, na mwalimu wa historia ndiye anayepaswa kuuliza kuliko wote. Desturi ya kwenu usiifanye ya dunia nzima. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, kwa hiyo inama kwa watoto kwanza, uwasikie wao ni nani, ndipo uwaeleze walikotoka. Waliokufa tuwaheshimu, lakini hawaendi popote, watatungoja. Anayeweza kuondoka ni bibi kama yule, anayekamua ng'ombe Satellite asubuhi hii. Mlete darasani akiwa bado anaweza kukusuta.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe darasa lisilonyamaza, akupe na uvumilivu wa kulisikiliza. Na akuzidishie miaka, hadi siku moja aitwe mtoto kwa jina lako, aitike, na wewe uwe hapo umsikie.