Unga ndani ya radiateri

Shemeji yangu aliazima gari letu kuukuu kwenda harusini Nyangezi, kama ukoo mzima unavyoliazima. Lilirudi likitoa mvuke.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa, nilifungua kifuniko cha radiateri. Maji yalikuwa meupe na mazito kama chai ya maziwa. Nilichoka hata kabla ya kushika spana, maana weupe ule kwa kawaida ni oili iliyoingia kwenye maji, na hapo injini lazima ifunguliwe. Nikachovya kidole, nikasugua. Hakikuteleza. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, kama siku zote. Basi nikanusa kidole. Muhogo!

Nikampigia simu.

“Ilikuwa inavuja ku mulima,” akasema bila haya. “Nikaitilia unga ya bugali kidogo, ishike. Si ilifika?”

Nilishinda kutwa nikisuuza, ndoo baada ya ndoo, na matonge yaliyoiva yakazidi kutoka. Jioni akapiga yeye: Jumamosi kuna msiba, je, gari imepona?

Nikayatazama yale matonge chini. Kitu kilichokwisha kula bugali ya ukoo si changu tena.

“Imepona,” nikamwambia.