Koti ya Baba, Santuri ya Baba

Leo nimemgombeza mama yangu, na sasa nimejificha hapa saiba ya intaneti mjini Embu nawaandikia nyinyi rafiki zangu barua pepe.

Baba alipofariki alituachia santuri moja ya kwaya yao ya kanisa. Hakuna kitu kingine chenye sauti yake.

Jana niliikuta imepinda vibaya, sindano inaruka tu.

Nikaiweka katikati ya vioo viwili vya dirisha, nikaipasha joto juani kidogo, kisha nikailaza chini ya gunia la maharagwe mpaka asubuhi.

Ikanyooka. (Nilijiona fundi kweli.)

Tukaicheza. Baba akaimba. Mama akafunika uso na leso.

Nami badala ya kunyamaza nikauliza kwa ukali, "Kwani nani alianika hii kitu juani?"

"Ni mimi," akasema. "Kila Jumamosi naanikanga koti yake isishike ukungu. Nikaona nianike na sauti."



Akatoa koti kabatini, akaitundika kwenye kamba nje. Akarudi, akanyoosha mkono achukue santuri.

Nikampa.

Itapinda tena, najua. Lakini niambieni, nyinyi mngemnyima?