Mtoto Asiyetoka Jasho

Binti yangu hatoki jasho. Alizaliwa bila tezi za jasho, nywele zake ni chache, na meno anayo manne tu, yote yamechongoka. Tulizungushwa hospitali hadi hospitali kwa miaka mitano, mpaka daktari bingwa huko Mombasa akasema ni ugonjwa adimu wa kurithi. Akanipa karatasi tatu za maelekezo. Mtoto akae kwenye chumba chenye kiyoyozi. Aepuke jua la mchana. Mwili ukipanda joto, aloweshwe maji mara moja.

Nilizisoma njiani nikirudi Garsen, nikacheka peke yangu. Viyoyozi ninavyovijua mimi ni vya magari ya mashirika, yanayopita kwenda Hola vioo vimefungwa. Lakini maji tunayo. Mimi ni fundi cherehani, basi nikamshonea shati jepesi la pamba, nikamfundisha kulilowesha kila linapokauka. Nakala ya karatasi nikampelekea mwalimu mkuu.

"Mama, hapa kila mtoto anasikia joto," alisema bila kuifungua. "Nikimruhusu mmoja akae amelowa, kesho darasa zima litalowa."

"Mwalimu, wenzake wanatoka jasho. Yeye hatoki."

"Basi ana bahati."

Nilirudi mara mbili zaidi. Mwisho akaniapia kwamba walimu wote wameshaambiwa. Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu: mtoto amezimia paredi. Wageni walikuwa wakihutubu, naye kasimamishwa juani, tena kavalishwa sweta ili afanane na wenzake.

Nilimkuta kituo cha afya, ngozi kavu, inachoma. Daktari, kijana mgeni kwetu, alikuwa akitayarisha sindano ya malaria.

"Umempima damu?"

"Malaria haikuonekana, lakini homa hii si ya kusubiri."

"Si homa. Ni joto limekosa pa kutokea. Nipe maji."

"Mama, mgonjwa hamwagiwi maji. Atapata nimonia."

Nilikuwa nimechoka kueleza. Nilivua leso yangu ya juu, nikaichovya kwenye ndoo ya kunawia mikono, nikamfunika nayo mwili mzima. Kisha nikampepea kwa zile karatasi tatu. Angalau zilipata kazi.

Daktari alisimama na sindano yake mkononi. Nililowesha leso mara ya pili, ya tatu, ya nne. Hatimaye binti yangu akafungua macho.

"Mama, nataka barafu."

Daktari akampima joto, akakitazama kipimo, akampima tena. Akazichukua karatasi mkononi mwangu na kuzisoma zote palepale.

"Hizi ungezileta mapema."

"Nilizileta. Mara mbili. Angalia faili lake."

Zilikuwemo. Akaandika juu ya faili kwa wino mwekundu: *Hatoki jasho. Mloweshe kwanza.* Akamwandikia na mwalimu mkuu barua yenye mhuri. Muhula mzima nimesema nisisikike. Mhuri ulisikika ndani ya siku moja. Sasa binti yangu hukaa karibu na dirisha, ndoo yake ubavuni, na paredi hatoki.

Yule daktari ameshahamishiwa Bangale. Aliyekuja baada yake aliyatazama yale maandishi mekundu, akaniuliza ni nani aliyekuwa akifanya mzaha kwenye faili la mgonjwa.