Kukisia Watazamaji wa Vikaragosi, Mpanda ya Mgodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha chaki nikaambiwa nihesabu mabenchi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mpanda, wakati mgodi wa madini ya risasi umeshamiri na treni ya Kaliua ikishusha watu wapya kila ilipofika. Nilikuwa nimetoka Kabungu na cheti changu cha darasa la nane, nikidhani nakwenda kuwa karani wa stoo. Nikapelekwa kwenye banda refu la mabati lenye ukuta mmoja uliopakwa chokaa, nikaelezwa kwamba hili ndilo jumba la starehe la wafanyakazi na mimi ndiye karani wa sinema.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu wa Ustawi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima aliyevaa kanzu Ijumaa na kaptula iliyonyooshwa kwa pasi siku zote nyingine. Nilipomwambia mabenchi ni arobaini, aliuliza, "Kila benchi wanakaa wangapi?"

"Watano, Mzee."

"Wachimbaji wana mabega. Andika wanne. Haya, Jumamosi wataingia watu wangapi?"

"Mzee, mimi sinema yenyewe sijawahi kuiona."

"Sikukuuliza kama umeiona. Nimekuuliza watu wangapi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya makisio, kazi ambayo ukikosea unalaumiwa na ukipatia unalaumiwa zaidi. Nyie vijana mnaona filamu kwenye simu, hamjui safari yake ya zamani. Filamu zetu zilikuja kwa treni katika makopo ya bati, zikitoka kwa wakala wa Tabora aliyezikodisha. Pamoja nazo ilikuja fomu yenye safu mbili. Ya kushoto iliitwa Makisio, nayo ilijazwa kabla filamu haijaletwa. Ya kulia iliitwa Waliofika, ikajazwa baadaye kwa kuhesabu vishina, yaani vile vipande vya tiketi vinavyobaki kitabuni ukishamkatia mtu yake. Wakala alitazama safu ya kushoto akaamua atuletee nini na ikae siku ngapi. Ukikisia wachache, uliletewa makopo yaliyochakaa. Ukikisia wengi na wasije, safari iliyofuata hukuletewa kitu.

Filamu zilikuwa za aina tatu. Kulikuwa na za watu wa farasi na bastola. Kulikuwa na za mafunzo, za mbung'o na kuchimba choo. Halafu kulikuwa na vikaragosi, picha za kuchorwa zinazotembea, fisi anaangukiwa na jiwe anakuwa bapa kama chapati, kisha anajikung'uta na kwenda zake. Vikaragosi vilikuwa vifupi, kopo moja tu, navyo vilioneshwa mwanzoni kama kifungua kinywa kabla ya filamu kubwa.

Aliyekuwa juu ya Karani Mkuu tulimwita Bwana Ustawi. Alikuwa Mzungu aliyewahi kuwa askari, na namna yake ya kukisia ilikuwa kuitazama filamu peke yake na kuamua kama yeye ameipenda. Vikaragosi hakuvipenda. Akasema ni vya watoto, na watoto watawekewa onyesho lao Jumamosi asubuhi. Safu ya kushoto akaandika mia mbili.

Nilimwambia, "Bwana, Jumamosi asubuhi watoto wako mashambani wanafukuza nyani kwenye mahindi."

"Nyani wanaweza kungoja," akasema.

Nyani hawakungoja. Walikuja watoto kumi na mmoja, na wanne kati yao mama zao waliwafuata na fimbo kuwarudisha shambani. Jumatatu Bwana Ustawi aliniuliza kwa nini sikutangaza vizuri.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Mimi nilisimama mlangoni, na mlangoni mtu huona mengi. Wachimbaji, watu wazima wenye ndevu, walifika mapema ili wawahi vikaragosi. Filamu kubwa ilipoanza, wengi walitoka. Aliyenifafanulia ni Mama Skola, mwanamke wa Ikola aliyekuwa akiuza dagaa kando ya geti la mgodi na hakukosa sinema hata moja.

"Karani," aliniambia siku moja akinipimia dagaa, "wewe unadhani watu wanafuata picha? Watu wanafuata kucheka. Mtu ameshinda chini ya ardhi, akitoka mnamwonesha watu wanauana, tena kwa Kiingereza. Humo ndani kuna Mfipa, kuna Mbende, kuna Msukuma, kuna Mrundi. Akianguka fisi, nani anahitaji kutafsiriwa?"

Tangu hapo nikanunua daftari langu. Niliandika zamu, yaani kundi gani linaingia mgodini na saa ngapi linatoka, kwa sababu mtu aliye chini hawezi kukata tiketi. Niliandika treni, kwa maana treni ikileta wageni, mwenyeji huwapeleka sinema kuwaonesha kwamba amefika mjini. Niliandika mavuno, mfungo na misiba. Akifa mtu kambini, kwa wiki nzima hakuna atakayeonekana anakwenda mahali pa kucheka. Baada ya miezi michache makisio ya daftari langu yalikaribiana na vishina kiasi kwamba Karani Mkuu aliacha kuniuliza maswali. Alikuwa ananyoosha mkono tu nimpe namba. Lakini namba yangu ikipanda ofisini kwa Bwana Ustawi, ilishuka ikiwa namba nyingine.

Ndipo ikaja barua ya wakala. Alikuwa na kikaragosi kirefu, zaidi ya saa nzima ya michoro mitupu yenye rangi, na akataka kujua Mpanda itatoa watu wangapi. Nilikaa na daftari langu siku mbili. Treni ya Ijumaa ilitarajiwa kujaa, zamu ya asubuhi ingetoka saa nane, mavuno yalikuwa bado, na hakukuwa na msiba. Niliandika kwenye karatasi: mia tano, tuombe maonyesho matatu, na walinzi wawili mlangoni kwa sababu watasukumana. Karani Mkuu aliigonga muhuri wa siku hiyo tukaipeleka sote wawili.

Bwana Ustawi aliisoma akacheka. "Mtu mzima gani atakaa saa nzima kutazama michoro?"

"Hao hao wanaokuja sasa, Bwana."

"Wanafuata filamu kubwa."

"Wanatoka kabla haijaanza."

"Wewe umejifunza wapi mambo ya sinema?"

"Mlangoni, Bwana."

Akaandika sitini. Onyesho moja, Jumamosi alasiri, mlinzi hata mmoja hakuna. Yeye mwenyewe akaondoka Ijumaa kwenda ziwani kuvua samaki.

Jumamosi hiyo tulifunika madirisha kwa mablanketi ili banda liwe giza. Kufikia saa tisa mstari ulikuwa umezunguka jengo na mkia wake umerudi kukutana na kichwa. Kwa makisio ya watu sitini nilikuwa nimepewa kitabu kimoja cha tiketi mia. Kiliisha sijapata nafasi ya kufuta jasho. Nikafunga kidirisha cha tiketi, na hapo nilikosea, kwa sababu walio nyuma walidhani onyesho limeanza. Wakasukuma. Mama Skola alikuwa karibu na mlango, na wimbi lile lilimbamiza kwenye mhimili. Nilisikia mkono wake ukivunjika, mlio kama wa kuni kavu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Karani, waambie waache," kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Nilipanda juu ya meza. Sikuwa na ruhusa ya mtu yeyote, na sijawahi kuwa mtu wa kusema mbele ya watu, lakini nilisema. "Rudini nyuma hatua kumi. Kila mmoja ataona leo. Wasioingia sasa wataingia mara ya pili, na wasioingia mara ya pili wataingia mara ya tatu. Anayebisha abaki, tutamfungia nje."

Walirudi. Mpaka leo sijui kwa nini waliniamini. Wanaume wanne walimbeba Mama Skola kwenye benchi hadi hospitali ya mgodi. Karani Mkuu, aliyekuwa amekuja kutazama tu kama watu wengine, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mafuta ya jenereta yapo ya maonyesho matatu?"

"Ya moja, Mzee."

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika hati ya mafuta, akaweka sahihi yake mwenyewe. Tiketi zilipokosekana tuliwatia watu alama ya chaki begani. Tulionesha mara tatu, na kila mara banda lilitikisika kwa vicheko hadi chokaa ikadondoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia kuni kavu.

Jumatatu Bwana Ustawi aliniita. Mezani kwake kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya wakala. "Futa sitini," alisema, "weka mia sita kama waliofika. Wakala ajue tulikisia vizuri." Ya pili ilikuwa taarifa ya ajali, nayo alitaka niandike kwamba umati ule haukutarajiwa hata kidogo.

Nilisimama nikiwa nimeshika kalamu. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya muda mrefu, lakini nilijibu polepole. "Bwana, haziwezi kukaa pamoja. Kama tulikisia mia sita, umati ulitarajiwa. Kama haukutarajiwa, tulikisia sitini."

Alizilinganisha karatasi zile. Kisha akachagua: fomu ibaki sitini, taarifa iseme haukutarajiwa. Mama Skola hakuwa mfanyakazi wa mgodi, kwa hiyo kampuni haitawajibika, na hospitali imtoe atafute tiba kwingine.

Nilitoka nikamweleza Karani Mkuu. Alifungua faili, akatoa ile karatasi yangu yenye muhuri, mia tano na walinzi wawili, akaibandika nyuma ya taarifa ya ajali na kuipeleka juu mwenyewe, kwa Meneja wa Mgodi. Siku ya tatu Mama Skola alirudishiwa kitanda chake, akakaa hapo mpaka mkono ukaunga. Uliunga umepinda kidogo. Siku niliyokwenda kumwomba radhi alinikatiza. "Wewe uliandika," alisema. "Kosa la aliyepuuza usilibebe."

Baada ya miezi mitatu Karani Mkuu alihamishiwa kituo kidogo njiani Kaliua, kuhesabu magunia. Hakuniambia sababu na mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilimsindikiza stesheni. Aliniachia muhuri wa tarehe na kusema, "Kila namba igonge. Watabadilisha namba, lakini siku hawataweza kuibadilisha."

Bwana Ustawi naye aliondoka, akaja mwingine, kijana mchangamfu aliyesoma faili lote na kuelewa nusu yake. Akaamuru vikaragosi virefu kila wiki. Nilimwambia sasa watu wamekwenda Mpimbwe kuvuna mpunga na walioko wamefunga, akisie thelathini. Aliandika mia tano. Wakaja kumi na tisa, mmoja wao akalala.

"Si wewe uliyesema wanapenda vikaragosi?" aliniuliza akiwa amekasirika kweli.

"Nilisema wanapenda kucheka, Bwana. Sikusema wataacha mpunga uliwe na ndege."

Nilifanya kazi chini ya wakuu wanne wa namna hiyo. Kuelekea mwisho wa miaka ile vishina vyangu vilianza kupungua bila sababu ya mavuno wala mfungo, na waliopungua zaidi walikuwa wanawake. Nikaelewa kwamba wachimbaji wanarudisha familia zao makwao. Nilimwambia mkuu wa wakati huo kwamba mgodi unakwisha. Akaniambia nishughulike na vikaragosi. Mgodi ulipofungwa alishangaa kuliko watu wote. Mimi nilihamia gari la sinema la wilaya, kisha ofisi ya takwimu za mazao, na huko nikastaafu baada ya kukisia mahindi kwa miaka mingi na kubadilishiwa namba kwa miaka hiyo hiyo.

Vijana huniuliza siri ya kukisia. Hakuna siri. Filamu haikuambii chochote. Lazima ujue mtu ametoka wapi mchana huo, amechoka kiasi gani, na nani kafa nyumbani kwake. Kujua hayo ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumfanya mwenye kalamu akubali kwamba aliyesimama mlangoni ameona.

Mwaka jana parokia yetu ilifanya sherehe ya padri wetu kutimiza miaka ishirini na mitano ya upadri, nikaitwa kwenye kamati ya chakula kwa heshima ya uzee wangu. Waliniuliza watakuja wangapi. Niliwaambia mia nane, nikawaeleza kwa nini: ni baada ya mavuno, barabara ni kavu, na padri huyu amezika wazazi wa nusu ya mkoa. Walinisikiliza kwa adabu sana. Mwenyekiti akasema, "Asante Mzee wetu," akaandika mia tatu.

Siku ya sherehe nilikula nyumbani kwanza, ugali wa kutosha, kisha nikavaa koti langu nikaenda mapema, nikasimama mlangoni.