Mabua Yasubiri Mvua

Kuna siku moja ya kiangazi ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa hapa Murukulazo, nyumba zimepangwa mstari, na mume wangu Gervas alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alitaka uwanja wake uwe mfano.

Nyuma ya nyumba mama mkwe alikuwa amepanda mimea aliyoitoa kwenye mahame yetu: miti ya mirinzi yenye maua mekundu, ambayo ndege chozi huja kunyonya, na matete kandokando ya migomba. Kila kiangazi matete yalikauka, naye akayaacha yasimame. Alitueleza kwamba ndani ya mabua wamelala wale nyuki weusi wakubwa. Mabua hukatwa baada ya mvua za kwanza, nyuki wakishatoka, kisha hutandazwa migombani. Gervas akaona huo ni uchafu tu. Asubuhi hiyo akayafyeka yote na kuyachoma.

Mama mkwe alitoka na kikapu chake, akautazama moto. "Umewachoma wanaotulisha," akasema, akarudi ndani.

Mvua zikaja. Maboga yakatambaa, yakachanua vizuri kabisa, kisha vitoto vikanyauka na kudondoka kimoja kimoja kwa kukosa nyuki wa kupita kwenye maua. Hatukula boga la kwetu mwaka ule. Mama akaacha kuongea na mwanawe, na yule mwanaume, mkaidi kama nini, hakuomba radhi. Mwambie Gervas hivi, mwambie mama vile. Nikawa mimi ndiye posta yao, nami nilichoka.

Ndipo vita vya mpakani vikaanza, na Gervas akaitwa mgambo. Aliondoka mama akiwa kisimani. Akiwa tayari kwenye lori la kwenda Biharamulo, aliniinamia akasema, "Mwambie mama nikirudi nitangoja mvua."

Jioni nikaufikisha ujumbe. Mama akasema, "Akirudi nitamjibu mwenyewe."

Hakurudi. Matete yaliota tena, nyuki wakarejea taratibu, maboga yakazaa. Mama alikufa na jibu lake, na mimi inaniuma hadi leo kwamba sikuwakalisha wale wawili pamoja.

Basi weka chini hilo panga ulilotaka kufyekea matete, mwanangu. Mabua yasubiri mvua, lakini neno la kupatana lisisubiri, wala usilitume kwa mtu. Nenda kwa huyo uliyekosana naye, ukaliseme mwenyewe. Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, maboga yako yashike, na kila unayempenda umkute nyumbani.