Dirisha Lililotangulia Tundu Lake

Mama alimtuma Baba balbu, akarudi na dirisha.

Dirisha zima, la mbao nzito, vioo vyote salama, limelala juu ya mkokoteni kama mgonjwa. Kuna jengo lilikuwa linabomolewa njiani, vitu vyake vinauzwa bei ya kutupa, na Baba akisikia bei imeshuka, miguu humgeukia yenyewe. Ni kinyozi. Kwenye kichwa cha mtu ana subira ya jiwe. Mbele ya muuza vitu chakavu ni mtoto mchanga. Ndivyo tulivyopata sinki lisilo na bomba, ambamo kuku wa jirani anataga mpaka leo.

"Baba watoto, balbu iko wapi?"

"Balbu huungua, mama watoto. Dirisha haliungui."

"Na tundu la kuliwekea umelinunua pia, au linakuja kesho?"

Mama ni fundi cherehani. Miaka yote ameshonea kwenye kona ya ukumbi, mahali ambapo jua hupasikia kwa jina tu. Siku hizo uzi ulikuwa unamkataa. Alikuwa akiulenga kwenye sindano, unapita pembeni, anaulenga tena. Mwishowe alimwomba mama mkubwa amtafutie mtu wa kuinunua cherehani. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuza sufuria. Baba alisikia, akavaa viatu kwenda kununua hiyo balbu.

Basi akaitwa mwashi, jamaa tunayemwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kunyooshea ukuta, kwa sababu mwenyewe anatembea upande. Alipotoa futi yake apime ukuta, Baba akamzuia. Alimkalisha Mama kwenye kiti, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kisha akachora chaki ukutani usawa wa macho yake.

"Usitikisike."

"Unanipima au unaninyoa?" Mama akauliza, lakini hakutikisika.

Timazi akatoboa. Ukuta ukapata ufa uliopanda hadi darini. Kuziba ufa kukaleta plasta, plasta ikadai rangi, na ukuta mmoja ulipopakwa rangi, kuta tatu zilizobaki zikaonekana zina homa. Tulikunywa chai yenye vumbi mpaka tukaanza kuizoea ladha.

"Nyumba hii ina vitu viwili vilivyoishia njiani," Mama alisema, akiniangalia mimi. "Ukuta wa baba yako na diploma yako."

Nikachukua brashi, nikapaka rangi.

Dirisha lilipokaa mahali pake, Timazi alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akacheka hadi akaketi kwenye ndoo.

"Mzee, hili ni la kutazamia magoti ya watu."

Kweli lilikuwa chini mno. Ukisimama, ilibidi uiname kama anayetafuta kiatu ndipo uone barabara. Baba akajikuna shingo. Maisha yake yote vichwa anavyovijua ni vya watu walioketi. Hata kwenye ukuta wa nyumba yake alikuwa amempima mteja kitini.

"Tubomoe tu, tulipandishe," akasema polepole.

Mama aliikokota cherehani kutoka kwenye kona yake, akaisogeza hadi dirishani, akaketi. Mwanga ukamwangukia mikononi, kwenye sindano, hadi kwenye kidole kilichokufa ganzi kwa kuchomwa. Akaulowesha uzi mdomoni. Mara ya kwanza ukapita pembeni, na Baba akatazama chini. Mara ya pili ukaingia.

Mama akaweka mguu wake kwenye kanyagio, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa kitupu, akauangalia.

"Mwambie mama yako mkubwa," akaniambia, "huyo mtu wake atafute cherehani kwingine."

Baba akaokota kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa kimeng'aa.

"Jioni bado utahitaji balbu," akasema. "Kesho nikitoka kazini nitapitia."

"Hapana," Mama akasema bila kuinua kichwa. "Balbu atatumwa mtu mwingine."